Maswali Yenu: Mungu, Jirani na Mti

Barua za safari hii zimekuja kwa sura tofauti, lakini zinauliza jambo moja: ibada yangu inahusianaje na watu ninaoishi nao, na udongo, maji na miti inayotuweka hai sote? Tumechagua nane. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mizizi mingi. Mengine mistari michache inatosha.

Nilikata mti mkubwa wa mpakani, kati ya kiwanja changu na cha jirani, bila kumwambia. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Nimesali, nimefunga, nimetubu, lakini moyo haujatulia. Kwa nini sipati amani?

Ndugu yetu, huenda umebisha hodi kwenye mlango mmoja tu, na milango ni miwili. Katika jambo hili dini zinakubaliana mno. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema Siku ya Upatanisho husafisha makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu. Yaliyo kati ya mtu na mwenzake hayasafishiki mpaka amridhishe mwenzake. Mathayo 5:23-24 inamwambia aliyekwisha kufika madhabahuni aiache sadaka yake pale pale, aende kwanza apatane na ndugu yake. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa Kiislamu, anataja masharti matatu ya toba, yaani kuacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia, kisha anaongeza la nne pale kosa linapogusa haki ya mja: kumrudishia mwenyewe haki yake au kumwomba radhi. Saumu zako hazikupotea. Kilichobaki ni hilo la nne.

Nenda mwenyewe, bila mashahidi, saa ambayo jirani hana haraka. Taja kitendo kwa jina lake: "Nilikata mti wa mpakani bila kukushirikisha. Nilikukosea." Nyamaza. Kinachoharibu radhi nyingi ni neno "lakini": lakini majani yalikuwa yanaziba mfereji, lakini matawi yalikuwa juu ya paa langu. Hata kama ni kweli, likishatoka, jirani anasikia utetezi na radhi imekufa. Baada ya kunyamaza, uliza: mti ule ulikuwa unakufaa nini? Jibu usimkisie. Huenda kwake ulikuwa kivuli cha alasiri, au kinga ya upepo, au ndio ulioshika udongo wa ukingo, au mama yake alizoea kukaa chini yake. Kila jibu lina fidia yake. Aliyepoteza kivuli leo hatulizwi na mche utakaotoa kivuli baada ya miaka kumi. Mjengee kibanda chepesi sasa, na mche upandwe vilevile. Wala usimtake akusamehe siku hiyo hiyo. Anaweza kuchukua miezi, na hiyo ni haki yake.

Sasa mti wenyewe. Usiking'oe kisiki kabla ya kukichunguza, hasa penye mteremko, kwa sababu hata mizizi iliyokufa huendelea kushika udongo kwa muda mrefu. Na huenda haikufa. Miti mingi ya majani mapana huchipua ikikatwa. Misonobari kwa kawaida haichipui. Vikitoka vichipukizi vingi, usiviache vyote vigombee maji. Vikifika kimo cha mtu, bakisha viwili au vitatu, vile vilivyotokea chini karibu na ardhi. Vinavyotokea juu ya kisiki vimeshikilia gome tu, na upepo wa kwanza wenye nguvu huvibandua. Kwa kuwa mizizi ilikuwapo tangu zamani, chipukizi la kisiki hukua haraka kuliko mche mpya. Chagueni pamoja, wewe na jirani, kipi kibaki. Kisha andikeni: nani anapogoa, upande upi, mwezi gani. Karatasi hiyo isomwe na watoto wenu pia, maana ugomvi wa mpaka hurithiwa.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, anakumbukwa kwa wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, upepo, maji na ardhi. Wachache wanajua kwamba wimbo ule haukuwa na neno la msamaha hapo mwanzo. Kwa masimulizi ya wenzake, askofu na mkuu wa mji wa Asizi waligombana, naye akiwa mgonjwa akaongeza ubeti wa kuwasifu wanaosamehe, akaagiza uimbwe mbele ya mahasimu hao. Wakapatana. Hakutunga wimbo mwingine kwa ajili ya watu. Aliwaingiza katika ule ule wa maji na jua.

Jumuiya yetu ya ibada hupanda miti kila mwaka katika sikukuu yetu. Tumepanda mamia, iliyo hai ni ya kuhesabu. Wengine wameanza kusema mahali hapa pamelaaniwa.

Laana haipo. Mmepanda kwa kalenda ya sikukuu, na mche unafuata kalenda ya mvua. Sikukuu ikiangukia kiangazi, siku hiyo barikini mbegu, jazeni viriba, gawaneni majukumu. Kupanda kungoje mvua ilowanishe udongo kina cha mkono mzima.

Kosa la pili ni shimo. Watu huchimba jembamba na refu, mche unadidimia, shina linafunikwa udongo na kuoza. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, na kina sawasawa na donge hilo, si zaidi. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mzizi pabaki usawa wa ardhi. Kiriba kivuliwe chote. Inasikitisha kuwa inabidi tuandike hivyo, lakini miche mingi ya sherehe hufukiwa na kiriba chake, kwa sababu aliyepanda alikuwa mgeni wa heshima anayesubiriwa na kamera. Ukiona mizizi imezunguka ndani ya kiriba, ifungue kwa vidole au ikate wima pande mbili tatu. Ukiiacha hivyo itaendelea kuzunguka na baadaye kuunyonga mti. Rudisha udongo ule ule uliochimba, ushindilie kwa mikono, mwagia lita 10 polepole. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, maana matandazo yanayogusa gome hulilowanisha na kualika kuvu.

Hayo yote ni siku moja. Mti hufa katika siku zinazofuata, na hapa ndipo jambo lenu linapokuwa la uhusiano kuliko la bustani. Mti wa wote hauna wa kuumwagilia. Kila mche ukabidhiwe nyumba mbili, tena nyumba ambazo hazijazoeana: kwa mfano mzee anayeishi peke yake na familia yenye watoto. Mmoja akisafiri, mwingine yupo. Mche mchanga unahitaji lita 10 hadi 20 kwa wiki katika mwaka wake wa kwanza mvua isiponyesha, kwa mara moja au mbili za kulowanisha sana, si kikombe kila siku, kwa sababu maji ya juujuu huifanya mizizi ibaki juujuu. Mwaka wa pili punguzeni. Mwaka wa tatu mingi itajitegemea.

Pandeni idadi ambayo nyumba zenu zinaweza kuibeba. Nyumba arobaini zikigawanywa mbili mbili ni miche ishirini. Katika ibada ya mwaka unaofuata, badala ya kutangaza miche mipya, someni majina ya iliyo hai na iliyokufa, na sababu. Waislamu wanayo hadithi ya Mtume Muhammad, katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba anayepanda mti, kisha ndege, mtu au mnyama akala kutoka kwake, inaandikwa kuwa ni sadaka yake. Mche uliokauka hauwezi kumlisha yeyote.

Mume wangu ameipenda sana sala ya faragha. Kila mwisho wa wiki huenda msituni peke yake kutwa nzima, anarudi mtulivu. Mimi nabaki na watoto watatu na kazi zote. Nikilalamika naambiwa ninapingana na mambo ya roho. Je, nanyamaza?

Dada, usinyamaze, wala usimpinge kuhusu msitu. Utulivu anaourudisha ni wa kweli na huenda nyumba inauhitaji. Tatizo ni kwamba gharama yake unailipa wewe peke yako.

Mpe mfano huu, maana hautoki kwako. Katika Bukhari, Salman alimzuru Abu Dardaa, wote wawili masahaba wa Mtume, akamkuta mke wa Abu Dardaa amejisahau kwa kuwa mume alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Salman akamwambia Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako. Mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume aliposikia alisema, "Salman amesema kweli." Kama nyumba yenu ni ya Kikristo, fungueni Isaya 58, pale nabii anapoeleza saumu anayoipenda Mungu: kugawia wenye njaa chakula, na "wala usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe."

Kisha pangeni saa, si hisia. Saa nne za faragha zake ziwe na saa nne zako katika wiki hiyo hiyo, akiwa yeye na watoto, simu yako imezimwa. Mara moja kwa mwezi aende msituni na mtoto mmoja, kwa zamu. Atembee mwendo wa mtoto, bila mahubiri, akijibu anachoulizwa. Wazazi wengi huharibu safari hizo kwa kugeuza kila mdudu kuwa somo. Mtoto huchoka na msitu kabla hajauzoea. Akikuambia kwamba akiwa na mtoto hawezi kusali, mwambie ajaribu miezi mitatu kabla ya kuamua.

Nikitia udhu bombani maji yanakwenda mengi, na msikitini kwetu mfereji hutiririka mfululizo. Kuna kiasi maalumu?

Kipo kipimo cha kulenga. Anas amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni kiasi cha viganja viwili vya mtu mzima vilivyounganishwa. Kwa maji ni kati ya nusu lita na robo tatu hivi, na pishi ni mudi nne. Ipo pia hadithi ya Ibn Majah inayokataza israfu ya maji hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu nguvu ya mapokezi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na Kurani 7:31, kwamba Mungu hawapendi wenye kufanya israfu.

Jipime. Weka beseni chini ya bomba, tawadha kama ulivyozoea, kisha pima kwa chupa ya lita. Bomba la kawaida likifunguliwa wazi linaweza kutoa lita 6 au zaidi kwa dakika; dakika mbili za udhu ni lita 12 na zaidi. Mengi hupotea wakati mkono uko kichwani au unakunja mikono ya nguo, bomba likiwa wazi. Kunja nguo kwanza. Fungua maji yawe uzi mwembamba, funga kila unapohamia kiungo kingine. Au tumia kopo la lita moja: kinga kiganjani kiasi cha kiungo kimoja, usimimine moja kwa moja. Mara ya kwanza maji yataishia kwenye viwiko. Baada ya wiki yatafika miguuni na kubaki kidogo.

Kwa msikiti, zungumza na kamati kwa heshima, si mbele ya jamaa baada ya swala. Maji ya udhu yakielekezwa mbali na maji ya choo yanaweza kumwagilia miti ya kivuli ya uwanjani, mradi sabuni isiwe nyingi na yasikae yakituama, maana yakituama huzaa mbu, na mbu ni dhuluma kwa jirani wa msikiti.

Rafiki yangu anasema Biblia ndiyo iliyoharibu dunia, kwa kuwa Mwanzo 1:28 inamwamuru binadamu aitiishe nchi na kuwatawala viumbe. Nimjibu nini?

Mwambie hoja yake ina heshima na historia. Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani Lynn White aliandika katika jarida la Science kwamba Ukristo wa Magharibi, kwa namna ulivyomweka binadamu juu ya viumbe, unabeba lawama kubwa ya uharibifu huu. Mwandishi huyo huyo alipendekeza Fransisko wa Asizi awe mtakatifu wa wanaotunza viumbe, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza hivyo.

Msijibu kwa hasira, someni mbele kidogo. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza". Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kulima ndilo linalotumika pia kwa kutumikia, na lile la kutunza ni la kulinda. Mambo ya Walawi 25 inaipa ardhi pumziko kila mwaka wa saba, na Kutoka 23:11 inaeleza pumziko hilo ni la nani: maskini wale kinachoota, na wakibakiza, wanyama wa kondeni wale. Katika mstari huo mmoja mna udongo, maskini na mnyama, na hatujui maandiko mengine yanayoviweka pamoja kwa ufupi kama huo. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza kukata miti ya matunda hata wakati wa kuuzingira mji vitani. Kutawala kwa Mwanzo 1 kusomwe pamoja na hayo, kama vile ukhalifa wa Kurani 2:30 unavyosomwa: khalifa ni mwakilishi, na mwakilishi huulizwa hesabu.

Ila kuna sehemu ambayo rafiki yako amepatia, na mkubalie. Waumini wengi waliisoma aya moja wakaacha nyingine kwa sababu iliwafaa.

Kikundi chetu cha mazingira kimejaa watu wa imani, lakini tunasemana vibaya kuliko watu wa sokoni. Wanaokuja mara moja hawarudi.

Hilo ni la kawaida, na chanzo chake ni huzuni isiyotajwa. Mtu anayeona mto aliokulia unakufa hubeba msiba. Asipopewa nafasi ya kuusema, humtupia aliye karibu, hasa mgeni aliyekuja na chupa ya plastiki.

Wabishnoi wa Rajasthan, India, wanastahili kusomwa. Ni jumuiya iliyoanzishwa na Guru Jambheshwar mwaka 1485 juu ya kanuni 29. Wanajulikana kwa kutokata mti mbichi. Kwa mapokeo yao, mwaka 1730 watu 363, wakiongozwa na mwanamke aitwaye Amrita Devi, waliuawa wakikumbatia miti kijijini Khejarli ili isikatwe. Kinachosahaulika ni kwamba katika orodha ile ile mna kusamehe, kutosema uongo, kutomsengenya mtu na kutobishana bure. Kwao kumlinda mti na kuuchunga ulimi ni nidhamu moja.

Kikaoni, dakika 15 za kwanza ziwe za zamu: kila mtu aseme jambo moja la asili linalomuuma na moja linalomtia nguvu, bila kujibiwa. Kosa la mwanachama lisitajwe kikaoni kabla mtu mmoja hajaenda kwake faraghani. Mgeni apewe kazi ya mikono siku ya kwanza, na asisahihishwe lolote mpaka mara ya tatu.

Tunataka kumkumbuka marehemu kaka yetu kwa kurusha baluni. Shangazi anapendekeza tununue ndege tuwaachie huru. Lipi bora?

Poleni kwa msiba. Hakuna bora kati ya hayo mawili. Baluni huanguka, na kasa na ndege wa baharini huzimeza. Hata zile za mpira wa asili huchukua miezi au miaka kuoza, na nyuzi zake hunasa miguu. Ndege wa kuuzwa walikamatwa ili muwanunue, wengine hufia tunduni kabla yenu, na wa kutoka mbali wakiachiwa hufa au huwasukuma wenyeji. Shangazi msimkatalie wazi; nia yake ni kutoa uhai, basi mwombeni achague mti wa asili ya mahali hapo ambao ndege huula matunda, naye awe wa kwanza kuumwagilia.

Mimi sina dini, ila nikiwa peke yangu penye miti nahisi jambo kubwa kuliko mimi. Naanzia wapi?

Anza na jambo hilo hilo, bila kulipa jina upesi. Chagua mahali pamoja pasipozidi mwendo wa dakika tano kutoka unapolala, hata kama ni mti mmoja na ukuta. Pa mbali hutapaendea siku ya uchovu. Kaa dakika 20, mara tatu kwa wiki, simu imebaki nyumbani. Dakika za mwanzo viumbe wamenyamaza kwa sababu yako. Ukitulia, ndege hurudia shughuli zao, na kurudi kwao kutakuonyesha kwamba umetulia kweli. Akili itazurura. Irudishe kwenye sauti iliyo mbali zaidi unayoweza kuisikia.

Ukiondoka, andika mistari mitatu: kilichobadilika tangu mara iliyopita, kilichokosekana, na mtu aliyekujia akilini. Huo wa tatu ndio watu huuruka, nasi tunakusihi usiuruke. Kila mwisho wa mwezi soma majina hayo. Yule anayejirudia mara nyingi, mpigie simu au mtembelee, kabla ya kikao chako kinachofuata chini ya mti.